Barafu ya Makupa

Ijumaa, saa kumi na nusu alfajiri,
muadhini wa Majengo bado hajakohoa kwenye kipaza,
mimi nimekaa kitako jikoni na simu yenye ufa,
nangoja mashine ya mbali iniambie
kama Ilmari amejifunza kupiga pasi.

Ilmari Vaanala. Miaka kumi na tisa.
Futi saba na inchi moja, Mfini.
Jina liliokotwa na kompyuta,
sura imechorwa, masikio hayalingani.
Hajaliona jua la Makupa,
nami sijamsikia akitweta.
Nilimpata wa mwisho katika mgao wa vijana,
nikamwandika Barafu ya Makupa, timu yangu,
maana mchana mimi ni fundi friji
na sikujua jina jengine la heshima.

Viwango vyake nilivitafsiri mwenyewe
nyuma ya daftari la risiti za gesi:
kudaka mpira unaorudi, si haba;
kuzuia, anajitahidi, Mungu anamuona;
kurusha kwa mbali, aibu;
pasi, hohehahe.

Meneja yeyote angekwambia:
mrefu mweke chini ya ringi, mfunze kudaka, yaishe.
Mimi nikataka mrefu anayeona.
Na mchezo huu una sheria yake ngumu:
atakaye pasi sharti acheze mahali pa mpiga pasi,
dakika arubaini na nane, bila kupumzishwa,
mechi za kweli, mbele ya watu elfu nne wa kuchorwa
waliolipa tiketi.
Basi nikampa twiga kazi ya paka.

Tukafungwa.
Tukafungwa na bwana mmoja wa Zagrebu,
tukafungwa na mtoto wa shule wa Kisauni
aliyeniandikia, "Pole mzee."
Usiku mmoja Ilmari alipoteza pasi kumi na moja.
"Unajifungisha," Mishi akasema, akipindua mahamri,
"kwa faida ya nani?"
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na wiki.

Samaki mkunje angali mbichi, walisema;
hawakusema mkunjo mmoja hula Ijumaa nne
na tatu za mwanzo hazioneshi kitu.
Namba hujaa chini kwa chini
kama gesi kwenye koili:
huoni, husikii, unaweka kiganja,
chuma bado vuguvugu,
mwenye friji kasimama nyuma yako anatazama saa,
halafu
umande.

Nyiro, kijana wangu wa kazi,
alijifunza kulehemu juu ya mabomba ya wateja.
Mabomba nikayalipa mimi.
Mwezi wa tatu kapata mkataba Doha,
viyoyozi vya hoteli, ghorofa thelathini.
Kanitumia picha ya koleo jipya,
mpini mwekundu. Koleo tu, yeye hayumo.

Simu imetetemeka.
Pasi: hodari.
Nimesoma mara tatu, nimefuta kioo kwa kanga ya Mishi,
bado hodari.
Na chini yake, kwa herufi ndogo,
mshahara wake mpya. Nao mara tatu.
Hazina ya Barafu ina sarafu za wiki mbili.

"Kaongezeka?" Mishi, kutoka mlangoni.
Kaongezeka.
"Sasa?"
Sasa namuuza.
Akacheka mpaka akashika kizingiti,
kisha akaacha kucheka, akaniwekea chai.

Soko linataka bei ya kuanzia. Nimeandika.
Mashine inauliza: Una hakika?
Muadhini amekohoa.
Nimebonyeza Hapana, kwa leo.
Kesho kuna mechi, na mara hii ya kwanza
namrudisha chini ya ringi, mahali pake,
mgongo kwa mtu, mikono juu.
Sitaki ushindi.
Nataka kuona mpira ukimfikia
atampasia nani.